Shahidi Aliyesimulia Vizuri Mno

Fundi majokofu aliisimulia habari ile kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu alinyamaza palepale.

“Nikafika juu ya ngazi,” alisema. “Mlango uko wazi, pazia linapepea. Nikaita, kaka, kaka. Kimya.” Akameza mate, akatazama ukuta. “Hapo ndipo nilipomwona.”

Inspekta hakuuliza amemwona nani. Mara mbili zilizotangulia alikuwa ameuliza, na mara zote mbili alijikuta ameinama juu ya meza, masikio wima, kama mtoto anayesubiri zimwi litoke pangoni. Safari hii aliegemea kiti, akakunja mikono, akauacha ukimya ule ukae.

Fundi alisubiri. Alikuwa kijana mpana wa mabega, bado hajaoa, kucha zake zimeingia weusi wa oili usiotoka kwa sabuni. Macho yake yalianza kuhangaika.

“Huniulizi nilimwona nani?”

“Kwani unataka nikuulize?”

“Jana uliuliza.”

“Jana nilikuwa mgeni. Endelea.”

“Mwanamume. Kofia ya pikipiki kichwani. Anashuka ngazi za nyuma, mguu wa kushoto anauburuta, kiatu kinakwaruza kwaa, kwaa. Nikakimbilia roshani, nikachungulia. Kaka yangu alikuwa chini uani, hatikisiki.”

Neno kwa neno, kama kasuku. Hata kwaa hazikupungua wala kuongezeka.

Mlangoni Koplo aligonga kalamu yake kwenye jalada, dalili kwamba kwake kazi imekwisha. Na kwa nini asione hivyo? Marehemu, ambaye nchi nzima ilimwita Mtunzi tu, alikuwa mtu mwenye maadui kwa maelfu. Kwa miaka mingi hadithi yake ya nesi wa zamu ilitoka kila wiki gazetini, watu wakaisoma saluni, benki, mpaka kwenye foleni ya msiba. Halafu wiki iliyopita, bila kumwandaa mtu, Mtunzi akamuua nesi. Wasomaji wakapandwa na mori. Geti lake lilirushiwa mawe, na muuza mkate alikataa kumhudumia. Juzi jioni jiwe likapita dirishani mwa chumba chake cha kuandikia, na muda mfupi baadaye Mtunzi alikutwa amekufa kwenye sakafu ya saruji, chini ya roshani yake mwenyewe. Msomaji mwenye hasira, kofia ya pikipiki, mguu mbovu. Habari hiyo Koplo aliitoa redioni usiku uleule, bila kumwuliza mtu.

“Sasa tusimulie kwa kurudi nyuma,” alisema Inspekta. “Umechungulia, umemwona kaka yako chini. Kabla ya kuchungulia ulifanya nini?”

“Nilikimbilia roshani.”

“Kabla ya hapo?”

“Kiatu... mguu... Yule mtu alikuwa anashuka.”

“Alikuwa ngazi ya ngapi? Juu, katikati, chini?”

“Alikuwa...” Fundi alifunga macho. Midomo yake ilicheza, na Inspekta akaona wazi kwamba anaanza upya kimoyomoyo, kutoka mwanzo, kama mtoto wa shule anayetafuta herufi kwa kuimba alfabeti yote. “Niliposikia jiwe, nilikuwa sebuleni. Nikafika juu ya ngazi. Mlango uko wazi, pazia linapepea...”

“Basi. Liache hilo. Mchana wa siku ile ulikuwa kazi gani?”

Mabega ya Fundi yalishuka. “Nilikuwa na friji ya yule mama wa duka la dawa. Si ile kubwa, ile kubwa niliitengeneza kabla ya mvua, mwanawe akaiburuta mpaka ikavunjika mguu, nikamwambia friji haiburutwi, huyo kijana ana kiburi sana, baba yake nilifanya naye kazi. Sasa hii ndogo gesi ilikuwa inavuja. Au tuseme nilidhani ni gesi. Ikabidi nirudi kuchukua bisibisi nyembamba, maana ile yangu niliiazimisha, na ukiazimisha kitu mtaani kwetu...”

Koplo alipumua kwa sauti. Inspekta hakumkatiza Fundi hata mara moja. Alipomaliza, yaani alipochoka, Inspekta alimwambia asubiri, akatoka na Koplo hadi kwenye ujia.

“Afande,” alisema Koplo, “shahidi amesema kitu kimoja mara tatu, hakupinda. Si ndicho tunachokitafuta kila siku?”

“Mtu mkweli ukimwuliza mara tatu atakupa habari moja kwa maneno ya namna tatu. Huyu kanipa maneno yaleyale. Na umemsikia kwenye friji? Huyo ndiye yeye. Hawezi kusimulia jinsi alivyokosa bisibisi bila kupitia ukoo mzima wa mwenye friji. Nani kamfundisha kunyamaza pale penye utamu?”

“Kaka yake alikuwa mtunzi. Kaishi naye.”

“Kaka yake alikuwa ameshakufa hadithi hii ilipotungwa.” Inspekta alishusha sauti, na ilipokuwa chini ilikuwa kali zaidi. “Kinyozi anaendeleaje?”

Koplo alitazama viatu vyake. Mtaa wa nyuma ya nyumba ya Mtunzi kulikuwa na kinyozi mwenye mguu uliopooza tangu utoto. Asubuhi baada ya tangazo la redio, vijana walimtoa kibandani kwake na kumpiga kwa vyuma vya kiti chake mwenyewe cha kunyolea. Alikuwa hospitali, akilindwa na askari, asijue kama analindwa au amekamatwa.

“Daktari anasema jicho moja halitaona tena.”

“Na pikipiki anayo?”

“Hana, afande. Hajawahi.”

“Mchukue Fundi, mpeleke nyumbani kwao, unikute huko. Mkalishe sebuleni. Mlango wa ngazi uache wazi, na akitaka kupanda usimzuie. Umenisikia? Safari hii usitangaze kitu.”

*

Mhariri wa gazeti alimpokea Inspekta akiwa amesimama, mikono mfukoni, na hakumwonyesha kiti. Chumba kilijaa matoleo ya nyuma yaliyofungwa kamba, yamepangwa mpaka usawa wa kiuno. Inspekta aliondoa furushi moja kutoka kwenye kiti, akaliweka sakafuni, akaketi.

“Wasomaji wangu wametishwa vya kutosha,” alisema Mhariri. “Kama umekuja kuomba majina ya waliolalamika, rudi ulikotoka.”

“Nimekuja kuuliza jinsi ya kumfanya mtu asome mpaka mwisho.”

“Polisi anataka kujifunza kutunga?” Alicheka kwa pua. “Nilidhani nyinyi ni mabingwa. Nimesoma maelezo mengi ya mahabusu wenu.”

“Nisaidie basi, tupunguze makosa.”

Mhariri alimtazama kwa chuki ya wazi. Lakini hakuna fundi asiyependa kuulizwa habari ya ufundi wake, hata na mtu anayemchukia.

“Msomaji ni mtu aliyeshika kitasa,” alisema. “Anataka kutoka. Ana watoto, ana deni, ana usingizi. Kila aya lazima impe sababu ya kukiachia. Kwa hiyo huanzi na jogoo kuwika na jua kuchomoza. Unaanza kioo kinapasuka.”

“Kwa jiwe, kwa mfano.”

“Kwa chochote. Mradi kitu kimevunjika na yeye hajui nani kavunja. Halafu unamfichia. Unamfikisha mlangoni, unanyamaza. Lakini usimnyime mno, atakuchoka. Mdondoshee kitu kidogo cha kushika, kitu chenye sura. Kovu. Jino la dhahabu.”

“Mguu unaoburutwa.”

“Ndiyo. Na unafyeka. Kila kisichofanya kazi kinatoka. Bisibisi, jirani, chakula cha mchana, vyote nje. Maisha yamejaa takataka, Inspekta. Hadithi haina.”

“Na Mtunzi aliyajua haya?”

“Alikuwa mkubwa.”

“Sikuuliza ukubwa wake.”

Mhariri alikwenda dirishani, akampa mgongo. Mitambo ya chini ilikuwa ikichapa, na sakafu ilitetemeka kidogo chini ya viatu vyao.

“Alipoanza, aliandika kama tangazo la kukatika maji,” alisema hatimaye. “Nilimchapa kwa sababu nilikuwa na nafasi ya kujaza. Kisha akaoa. Baada ya ndoa akaja na nesi. Sikuamini ni mtu yuleyule. Nikasema labda ndoa imemtuliza.”

“Na sura ya wiki iliyopita?”

“Tangazo la maji tena. Kurasa tatu za hotuba, halafu nesi anakufa kwa sentensi moja, hata ugonjwa haujulikani. Nilimpigia simu. Nikamwambia, hii si kazi yako. Unajua alinijibu nini? ‘Mimi ndiye mtunzi, au unamtaka mpishi?’”

“Mpishi?”

“Ndivyo alivyosema. Nilidhani anatania.”

“Hukudhani hivyo.”

Mhariri aligeuka. Uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira. “Jina lililokuwa juu ya ukurasa lilikuwa lake. Hilo ndilo nililolichapa. Na ukithubutu kuliingiza gazeti langu kwenye jalada lako, nitakuandama ukurasa wa mbele mpaka ustaafu.”

“Andika vizuri basi,” alisema Inspekta akiinuka. “Nisije nikashika kitasa.”

*

Kwenye geti mtu alikuwa ameandika kwa chokaa MRUDISHE NESI, mwingine akajaribu kufuta akaishia njiani. Mjane alifungua mlango kabla ya hodi ya pili. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtandio ameuzungusha shingoni na kuupandisha mpaka kwenye taya, ingawa joto la mchana lilikuwa la kukausha samaki.

“Mmebakisha nini?” aliuliza. “Mmeshafungua hata droo ya vijiko.”

“Nimebakisha wewe.”

Sebuleni Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, Koplo amesimama karibu naye. Mjane alimtazama shemeji yake mara moja, kutoka kichwani mpaka miguuni, kama mama anayekagua kama mtoto kaumia alikotoka. Fundi aliinamisha kichwa. Mjane alikuwa ameingia nyumba ile kama bibi harusi akamkuta shemeji huyu yatima hajui hata kufunga kamba za viatu. Mtaa mzima ulijua nani alimlea.

Walipanda. Chumba cha kuandikia kilikuwa kama kilivyoachwa: meza nzito, rafu, dirisha lililopasuka, mlango wa roshani, na kiti cha mbao kimelala ubavu katikati ya sakafu. Vioo vilitapakaa kila mahali. Jiwe lilikuwa limeshachukuliwa, pale lilipokuwa pamezungushiwa chaki.

Inspekta alichuchumaa kando ya kiti. “Shemeji yako anasema jiwe ndilo lililoanza. Kioo kikapasuka, ndipo mtu akaingia, wakapigana na mumeo, kiti kikaanguka, mumeo akasukumwa.”

“Kama ndivyo alivyosema, ndivyo ilivyokuwa.”

“Njoo uone.” Aliinua kiti taratibu kwa kitambaa. Vipande vya kioo vilivyokuwa vimetulia juu ya ubavu wake vilidondoka kwa mlio mdogo. Chini, pale kilipokuwa kimelala, sakafu ilikuwa safi, hata chembe. “Kiti kilianguka kwanza. Vioo vikamwagika juu yake. Jiwe lilirushwa baada ya ugomvi kwisha.”

Mjane alikitazama kiti kile. Hakushtuka. Alikitazama kama mtu anayeona kosa la herufi kwenye ukurasa uliokwisha kuchapwa.

“Amechanganya mpangilio,” alisema.

“Hakuchanganya yeye. Yeye alikariri alichopewa.”

“Na nani?”

“Na mpishi.”

Mjane alikaza mtandio.

“Huyo Mhariri ni mwoga,” alisema. “Miaka yote alijua. Alikuwa akija kula hapa, ananiambia ‘mchuzi mtamu, shemeji,’ macho yakinikwepa. Aliogopa kuniuliza, kwa sababu angejibiwa.”

“Kwa hiyo nesi ni wako.”

“Kila neno. Niliandika hapo mezani, yeye akiwa kwenye mihadhara anawafundisha watu jinsi ya kuandika. Mpaka siku alipoulizwa huko mhadharani kwa nini nesi alimwacha yule rubani, akashindwa kujibu. Wakamcheka. Akarudi nyumbani akasema kuanzia leo naandika mwenyewe. Akaandika sura moja.” Midomo yake ilijikunja kwa dharau. “Umeiona.”

“Kwa hiyo ukamuua?”

Swali lilitoka haraka, na jibu likaja haraka zaidi.

“Ndiyo. Andika. Alikuwa amesimama roshani, amenipa mgongo. Nje giza linaingia. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikakiweka mezani polepole, kisitoe mlio. Nikavua viatu. Hakugeuka. Nilipomfikia alisema, bila kunitazama, ‘Kesho nitawaambia wewe ni nani.’ Nikamsukuma kwa mikono miwili.”

Inspekta alingoja mpaka alipomaliza.

“Nzuri,” alisema. “Pale pa kuvua viatu hata mwili umenisisimka. Sasa niambie, ulivivulia wapi? Vilikuwa vya rangi gani? Ulivivaa saa ngapi tena? Sufuria gani ilikuwa jikoni?”

“Hayo yanahusu nini?”

“Hayahusu kitu. Ndiyo maana huna. Mtu aliyeua kweli nikimhoji ananijaza takataka mpaka masikio yanauma. Wewe umeshafyeka.” Inspekta alisogea mpaka wakawa uso kwa uso. “Na kuna jambo jingine. Kama ni wewe uliyemsukuma, ungeisimulia hadithi yako mwenyewe. Mtu hatungi uongo mzuri kiasi hiki akampa kijana asiyejua kusema aubebe. Ulimpa yeye kwa sababu ni yeye aliyekuwa anauhitaji. Kuna jirani alimwona roshani jioni ile, kwa hiyo ikakubidi umweke roshani. Uliyemtoa kwenye hadithi ni wewe mwenyewe. Shemeji yako ameona pazia, kofia, mguu, kiatu. Kaka yake amelala chini, naye hakukuita hata jina. Katika hadithi nzima mama mwenye nyumba hayumo.”

“Nilikuwa jikoni.”

“Unamjua kinyozi wa mtaa wa nyuma?”

Kwa mara ya kwanza Mjane alionekana kupotea. “Kinyozi gani?”

“Ana mguu mbovu. Wa kushoto.”

“Simjui. Mimi sitoki, mume wangu hakutaka nitoke. Yule mtu si yeyote. Sikumchukua kwa mtu. Nilimpa mguu kwa sababu mguu ni kitu ambacho msomaji hakisahau.”

“Hawakukisahau. Walimtoa kibandani wakampiga kwa vyuma. Jicho moja limekwenda. Ana watoto, wote walikuwepo.”

Mjane alinyoosha mkono kutafuta kiti, akakumbuka kiko sakafuni, akabaki amesimama hivyohivyo, mkono hewani.

“Unasema uongo,” alisema kwa sauti ndogo. “Unataka nilegee.”

“Nataka ulegee, ndiyo. Lakini hilo si uongo. Twende hospitali ukamtazame.”

Ngazi zililia kwa hatua nzito. Fundi alisimama mlangoni, Koplo nyuma yake, mikono chini kama alivyoagizwa.

“Shemeji, basi,” alisema Fundi.

“Rudi chini.”

“Nimesikia yote. Huyo kinyozi ananinyoa mimi. Sikujua redio imesema hivyo, tangu juzi niko kule kituoni wananiuliza.” Alimgeukia Inspekta, na maneno yakaanza kumtoka kama maji yanayotafuta pa kupitia. “Nilikuja kuchukua bisibisi, ile nyembamba, si nilikwambia? Ilikuwa huku juu kwa sababu kaka alikuwa na taa inayochezacheza, hii hapa, bado inacheza, sikuimaliza. Nikasikia meza. Yaani nilidhani ni meza, kumbe ni kichwa cha shemeji. Kaka kamshika nywele, anakigonga mezani, anamwambia andika sasa, si unajua kuandika, andika. Nikamshika shati. Kifungo kikatoka. Kilikuwa cheupe, kikaenda kule chini ya rafu, mpaka leo kiko kule sijui. Akanigeukia, akanirushia ngumi, ikanipata hapa. Tukasukumana. Kiti. Mimi ni mzito kuliko yeye, sikukumbuka kwamba mimi ni mzito. Na ule ukingo wa roshani ni mfupi, mimi mwenyewe nilimwambia tuuongeze, nikapima, akasema unaharibu mandhari. Nilimsukuma tu aniachie. Nikadhani atainuka. Nilisimama pale nasubiri ainuke.”

“Nyamaza,” alisema Mjane. “Nyamaza, mwanangu, unasimulia vibaya, watakufunga.”

“Ndivyo ilivyokuwa, shemeji. Siijui nyingine.”

Koplo alikwisha kupiga magoti. Aliingiza rula chini ya rafu, akaisogeza huku na huku, akavuta nje vumbi, kizibo cha kalamu, na kifungo cheupe cha shati chenye uzi bado. Alikiweka kwenye mfuko wa ushahidi, masikio yamemwiva.

“Fungua mtandio,” alisema Inspekta.

Mjane hakutii. Inspekta hakurudia. Mwishowe mwanamke yule aliufungua mwenyewe. Kuanzia sikio mpaka kidevu alikuwa na uvimbe mweusi, katikati umepasuka mstari mwembamba ulionyooka kama ukingo wa meza.

“Mngenionyesha hili jioni ileile,” alisema Inspekta, “shemeji yako angekuwa mtu aliyekuja kukuokoa, na kaka yake akaanguka. Nisingekuwa na kazi kubwa. Sasa ni mtu aliyemsukuma kaka yake, akavunja dirisha—”

“Dirisha nilivunja mimi. Nilishuka nikarusha kutoka uani.”

“—akadanganya polisi, na mtu asiyehusika akapofushwa. Hadithi yako ndiyo itakayomfunga. Kwa nini hukusema?”

“Kwa nini?” Macho ya Mjane yalikuwa makavu, na chuki iliyokuwamo ilikuwa ya zamani kuliko Inspekta. “Wanawake hunisoma. Hawajui kama ni mimi, lakini hunisoma. Nesi wangu hakuna mwanamume aliyewahi kumwinulia mkono. Daktari mkuu alijaribu akamvunja kidole, wasomaji walishangilia wiki nzima. Ulitaka wajue aliyemwandika alikuwa anaokota meno yake jikoni?”

“Nilitaka ukweli.”

“Ukweli hausomwi.”

“Huu utasomwa. Hakimu analipwa ausome.”

Fundi alinyoosha mikono bila kuambiwa. Koplo alimfunga pingu mbele, si nyuma, akamshusha ngazi taratibu kwa sababu kijana alikuwa hatazami anapokanyaga. Mjane aliwafuata mpaka mlangoni, Inspekta akamzuia kwa bega.

“Wewe bado. Nahitaji maelezo yako. Ya kweli. Kisha nawe utakuja nami.”

“Yatamsaidia?”

“Yanaweza. Sikuahidi.”

Inspekta alisafisha pembe ya meza kwa kitambaa, akavuta karatasi za maelezo, akachomoa kalamu. Mjane alibaki amesimama. Alianza mara moja, “Jioni ile, upepo ulipokuwa...” akaacha. Alianza tena kwa jina la mumewe, akaacha. Mtu ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kukosa sentensi ya kwanza alisimama katikati ya vioo, anatweta.

“Sijui nianzie wapi,” alisema.

“Popote.”

Chini, mlango wa gari ulifungwa. Mjane aliusikia, na uso wake ukakunjamana wote kwa pamoja.

“Alinipiga,” alisema. “Mimi. Nilikuwa nakata vitunguu, si vingi, vilikuwa vimeota, nilikuwa natoa zile sehemu mbaya. Akaniita. Nikapanda na kisu, nikakumbuka nina kisu nikarudi kukiweka, maana sikutaka aseme nimekuja na kisu. Siku nyingine aliwahi kusema hivyo. Si siku ile. Ilikuwa kabla, tulipokuwa na ile nyumba nyingine, au labda...”

Inspekta aliandika yote, vitunguu na kisu na nyumba nyingine, wala hakufuta neno.